Kayaki ya Baharini kwa Anayeanza: Jifunze Kurudi Kabla ya Kujifunza Kwenda

Kila msimu wa mafunzo ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba unaoendeshwa kwa kafi, unapoanza, maswali ninayoulizwa ni yale yale. Nianze na kayaki gani? Lazima nijue kuogelea? Nikipinduka nikiwa nimejifunga mle ndani, nitatokaje? Baada ya somo la kwanza naweza kwenda peke yangu? Nimeyajibu mengi kwa mdomo, ufukoni, huku mtu akitetemeka kwa baridi au akikimbilia kuondoka. Nimeona bora niyaandike mahali pamoja, kwa utaratibu ninaoufuata ninapofundisha.

Utaratibu huo huwashangaza wengi, maana siku ya kwanza hatuendi popote. Tunajifunza kutoka kwenye chombo kilichopinduka, kurudi ndani yake, na kukileta ufukoni. Kwenda mbele huja baadaye, na huja kwa urahisi. Pwani ya mwituni, yenye majabali na ghuba zisizofikiwa na barabara, haina kituo cha kuteremkia pale unapochoka. Anayejua kurudi ataifurahia, asiyejua anabahatisha.

Kuhusu kuogelea, huhitaji kuwa hodari. Uweze kutulia maji yakikufunika kichwa, na kuogelea kama mita 50 ukiwa na nguo na jaketi la kuokolea. Kama bado huwezi, anza na hilo kwanza, kayaki itakungoja. Na jibu la swali la mwisho ni hapana.

Vitu vya kuwa navyo

Usinunue chombo kwanza. Azima au kodi. Baada ya siku nne au tano majini mwili wako utajua unachokitaka kuliko muuzaji yeyote.

- Kayaki ya baharini. Kwa kawaida ina urefu wa mita 4.8 hadi 5.5 na upana wa sentimita 53 hadi 60. La muhimu kuliko vipimo ni kuta mbili za ndani zisizopitisha maji, moja mbele ya miguu na nyingine nyuma ya kiti. Maji yakiingia unapokaa, omo (sehemu ya mbele) na tezi (sehemu ya nyuma) zinabaki na hewa. Kayaki fupi isiyo na kuta hizo ikipinduka hunywa maji mamia ya lita, na kila lita ni kilo moja. Watu wawili wenye nguvu hawataiinua. Kuzunguka sitaha pawe na kamba ya kushika.
- Kafi ya mabapa mawili. Urefu wa sentimita 210 hadi 220 unawafaa watu wengi. Kwenye kundi iwepo kafi ya akiba ya vipande viwili, na ifungwe juu ya sitaha mahali mkono unapofika, isifungiwe ndani.
- Jaketi la kuokolea. Livae, likaze, kisha mwambie mtu alivute juu kwa mabega. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa au hukulikaza.
- Sketi. Ndivyo wengi tunavyoliita lile vazi la kiunoni linalofunika tundu la kukalia ili maji yasiingie. Mbele lina kitanzi cha kuvutia. Kikumbuke kitanzi hicho, tutarudi kwake.
- Pampu ya mkono ya kufua maji, yaani kuyatoa chomboni, boya la kafi, na kamba ya kukokotea yenye urefu wa kama mita 15, iliyofungwa kwa mkanda wa kiunoni unaofunguka kwa mvuto mmoja.
- Mawasiliano. Filimbi, redio ya mawasiliano ya baharini (VHF) isiyoingia maji, simu ndani ya mfuko wake, na kwa safari za mbali kifaa cha dharura kinachotuma ishara ya 406 MHz kwenda setilaiti. Hivi vikae mwilini mwako. Redio iliyofungwa kwenye chombo si yako tena mkishatenganishwa na wimbi.
- Mavazi. Vaa kwa ajili ya joto la maji, usiangalie joto la hewa. Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu jua linawaka na suti ya neoprini (mpira laini unaohifadhi joto) inachosha. Waokoaji hutumia hesabu ya 1-10-1 kwa maji ya baridi kali: dakika 1 ya kuhema ovyo ambayo lazima uishinde bila kumeza maji, kama dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na kama saa 1 kabla fahamu hazijapotea kwa baridi. Ona hiyo 10 ya katikati. Ndiyo muda wako wa kurudi chomboni. Penye maji ya vuguvugu suti si lazima, lakini shati la mikono mirefu na kofia ni lazima, maana jua la baharini linakupiga kutoka juu na kutoka chini.
- Maji ya kunywa, chakula cha kutafuna bila kupika, koti la upepo, na kisanduku cha huduma ya kwanza.

Hatua ya 1: Tafuta mkufunzi, umhoji

Mtu anaweza kuwa mpiga kafi mzuri sana na asijue kufundisha. Vyeti husaidia: American Canoe Association ya Marekani na Paddle UK ya Uingereza (iliyokuwa ikiitwa British Canoeing mpaka 2024) ni miongoni mwa vyama vinavyowapima wakufunzi kwa ngazi, na ngazi hutaja aina ya maji ambayo mtu ameidhinishwa kuongoza watu. Soma hiyo ngazi. Cheti cha maji tulivu hakimruhusu mtu kukupeleka nyuma ya rasi yenye mkondo.

Kisha muulize: Kundi litakuwa na watu wangapi kwa kiongozi mmoja? Mimi sipendi kuzidi sita, na bahari ikichafuka hao sita ni wengi. Hali ya hewa ikibadilika mna mpango gani wa pili? Lini mara ya mwisho uliahirisha safari? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda. Kiongozi anayejibu papo hapo, akaeleza alichokiona na kwa nini aligeuza, huyo nenda naye. Anayesema hajawahi kuahirisha, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 2: Kaa uenee

Ufukoni, kabla ya kugusa maji, ingia ukae. Makalio yagande nyuma ya kiti, nyayo ziguse vikanyagio, magoti yapinde kidogo na kutanuka mpaka mapaja yaguse chini ya sitaha. Kati ya nyonga na ukuta wa chombo pabaki nafasi ya kiganja. Ukibana goti moja na kulegeza jingine, chombo kiinamie upande. Kisipoinama, hujakivaa, umekalia tu.

Hatua ya 3: Jifunze kutoka

Fanyeni hili kwenye maji matulivu yanayokufika kifuani, mkufunzi akiwa amesimama pembeni yako. Kwanza bila sketi, halafu ukiwa nayo.

1. Vuta pumzi, jipindue kwa makusudi, na palepale inama mbele kama unayebusu sitaha. Ukiegemea nyuma, uso wako ndio utakaokutana na mwamba.
2. Piga tumbo la chombo kwa viganja mara tatu. Hakuna haja ya kiufundi ya kufanya hivyo. Ni ya kukufundisha kwamba muda upo.
3. Pitisha mikono kwenye ukingo wa tundu mpaka mbele, shika kitanzi, kisukume mbele kisha uking'oe.
4. Weka viganja kando ya nyonga na ujisukume utoke, kama mtu anayevua suruali.
5. Ibuka ukiwa umeshika chombo kwa mkono mmoja na kafi kwa mwingine. Usiviachie.

Tahadhari: kitanzi kiwe nje, kila mara, kabla hujaondoka ufukoni. Niliwahi kuwa na mwanafunzi makini sana, aliyefunga sketi yake vizuri kuliko wote, ila kitanzi kilikunjikia ndani. Alipopinduka niliona mikono yake ikipita ukingoni, ikirudi, ikipita tena, vidole vikitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nilimgeuza mimi. Alikuwa chini kwa sekunde chache tu, maji yalikuwa ya kifuani, na hakuumia. Lakini tangu siku hiyo hakuna anayetoka ufukoni mbele yangu bila kugusa kitanzi chake na kutamka kwa sauti: "Kiko nje." Wafundishe nawe wenzako. Na ujue njia ya pili: kitanzi kikikosekana, bana kitambaa cha sketi kando ya nyonga, kivute kutoka ukingoni, au nyanyua goti moja kwa nguvu kukisukuma.

Rudia mpaka usisikie hofu. Wengine ni mara tatu, wengine kumi. Usikubali mtu akuharakishe hapa.

Hatua ya 4: Jifunze kurudi ndani

Hii ndiyo hatua ninayoitumia muda mwingi zaidi. Kujiinua kwa kafi bila kutoka chomboni, ule ufundi ambao wawindaji wa Greenland waliukuza kwa namna nyingi kwa sababu kutoka chomboni na kuingia kwenye maji yao kulikuwa kifo, ni kitu kizuri cha kujifunza. Lakini huchukua muda, na hata wanaoujua hushindwa siku ya mawimbi. Uokoaji wa wawili unafaa tangu siku ya kwanza.

1. Aliye majini anashika chombo chake na kwenda upande wa tezi. Mwokoaji anaisogelea omo ya chombo kilichopinduka.
2. Mwokoaji anaivuta omo mpaka juu ya sitaha yake, chombo kikiwa bado kimepinduka. Aliye majini anakandamiza tezi chini. Maji yanamwagika.
3. Mwokoaji anakigeuza, anakitelezesha majini, na kuvilaza vyombo viwili ubavu kwa ubavu, omo ya kimoja ikitazama tezi ya kingine.
4. Mwokoaji anaegemea chombo kitupu kwa uzito wake wote, akikumbatia ukingo wa tundu kwa mikono miwili. Asiogope kuegemea, vyombo viwili vilivyoshikana havipinduki kirahisi.
5. Aliye majini anapiga mateke mpaka mwili ulale juu ya maji, anajivuta juu ya sitaha ya nyuma akiwa amelala kifudifudi, anaingiza miguu kwanza, kisha anajigeuza polepole akiwa ameegemea upande wa mwokoaji.
6. Fua maji yaliyobaki, rudisha sketi, gusa kitanzi. Ndipo mwokoaji aachie.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuachia chombo ili "kumfuata mtu". Chombo kitupu hukimbia na upepo kuliko mtu yeyote anavyoogelea. La pili ni mwokoaji kuachia mapema, kwa sababu mwenzake ameshakaa. Kukaa si kupona: mikono yake imekufa ganzi, moyo unamdunda, na chombo kina maji ya kuyumba.

Peke yako unatumia boya la kafi: livishe kwenye bapa moja, lipulize, laza kafi nyuma ya tundu kama mbawa, kisha panda ukiegemea upande wa boya. Kwenye maji matulivu ni rahisi. Jaribu penye mawimbi ya nusu mita ndipo utaelewa kwa nini nasema usiende peke yako.

Lengo ni dakika tatu tangu kupinduka mpaka kupiga kafi tena. Mkizifikia mara tano mfululizo, hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Piga kafi kwa kiwiliwili

Weka kafi kichwani, pinda viwiko mpaka vifanye pembe mraba. Hapo ndipo mikono inapokaa. Zungusha kiwiliwili, zamisha bapa karibu na vidole vya miguu, na litoe linapofika nyonga. Ukilivuta zaidi ya nyonga unanyanyua maji tu na kukigeuza chombo. Vidole vilegee. Anayekaba mpini hupata malengelenge ndani ya saa moja, na kifundo cha mkono kikivimba safari imekwisha.

Kugeuza, chora nusu duara pana kutoka omo mpaka tezi. Kujizuia kuanguka, piga bapa juu ya maji viwiko vikiwa juu ya mpini, mikono ikikaa chini. Usinyanyue mikono juu ya mabega wimbi linapokupiga, bega huchomoka.

Hatua ya 6: Soma upepo, maji na mawimbi

Hapa tulia usome mara mbili.

*Upepo.* Utabiri wa baharini hutolewa kwa noti. Noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Kwa anayeanza, noti 10 ndiyo mwisho. Upepo unapokaribia hapo, vilele vyeupe vichache huanza kuonekana. Vikienea kila upande umeshapita. Na usidhani noti 20 ni taabu mara mbili ya noti 10. Nguvu ya msukumo huongezeka mara nne.

Lakini kuliko nguvu, tazama unakotoka. Upepo unaotoka nchi kavu kwenda baharini ndio mdanganyifu. Ukisimama ufukoni uko upande wa demani, yaani usiopigwa na upepo, umekingwa na miti na vilima, na maji mbele yako yamelala kama kioo. Nakumbuka asubuhi moja ya namna hiyo. Maji yalikuwa meupe na laini, kundi lilikuwa na hamu, nami nikatazama maji nikasahau kutazama nyuma: vilele vya miti juu ya mlima vilikuwa vinainama, vyote upande wetu. Tulitoka dakika ishirini kwa raha, tukicheka kwamba leo tuna mbio. Kurudi kulituchukua karibu saa mbili, wawili wakiwa kwenye kamba. Tangu hapo, kabla ya kutazama bahari natazama kwanza miti iliyo nyuma yangu, kisha viwimbi vya mbali: kama kule mbele maji yana rangi nyeusi zaidi, upepo uko pale unaningoja.

Siku za jua, kwenye pwani nyingi, upepo huanza kuvuma kutoka baharini mchana na kukazana alasiri. Ndiyo maana tunatoka mapema.

*Kujaa na kupwa.* Kwenye pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kupwa ni kama saa sita. Hayaendi kwa mwendo mmoja. Gawa tofauti yote katika mafungu 12: saa ya kwanza fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza maji yatasogea sentimita 30 tu, lakini saa ya tatu na ya nne sentimita 90 kila moja. Mara nyingi mkondo nao hukaza katikati hapo. Panga kupita rasi na milango myembamba maji yanapokaribia kusimama. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kila kitu kina nguvu zaidi; maji mafu, kinyume cha bamvua, ndiyo rafiki wa anayeanza.

Pia tazama upepo unavyokutana na mkondo. Vikipingana, mawimbi huwa mafupi na ya wima, hata kama upepo wenyewe si mkali. Mahali palipopitika saa mbili zilizopita panaweza kukataa kabisa bila utabiri kubadilika.

*Mawimbi ya mbali.* Utabiri hutoa kimo na muda kati ya wimbi na wimbi. Wasomaji huishia kwenye kimo. Mita 1 kwa sekunde 6 ni mtikisiko tu; mita 1 kwa sekunde 14 imesafiri kutoka mbali, imebeba nguvu nyingi, na itainuka ghafla inapofika penye kina kidogo. Chini ya majabali, mawimbi yanayogonga na kurudi hukutana na yanayokuja, maji yakaruka bila mpangilio. Kaa mbali nayo.

Hatua ya 7: Panga safari ukianzia mwisho

Chukua ramani ya bahari, na uanze na mahali pa kurudi. Kundi la wanaoanza huenda kama kilomita 5 kwa saa kwenye maji mazuri, na mapumziko yakiwemo ni pungufu ya hapo. Safari ya kwanza isizidi kilomita 8 hadi 10 kwa jumla.

Weka alama kila mahali mnapoweza kutua, na andika kama panatulika maji yakiwa yamekupwa. Ufuko mzuri wa asubuhi unaweza kuwa matope ya kilomita nzima mchana, mkapwelewa mkiiona nchi kavu. Penye majabali marefu bila pa kutua, hesabu muda wa kupita, kisha jiulize kama kila mmoja wenu anaweza kuupita akiwa amechoka.

Anza kwa kwenda joshi, yaani upande upepo unakotoka, ili upepo ukurudishe. Kisha mwachie mtu wa nchi kavu maelezo: mko wangapi, rangi za vyombo, njia, saa ya kurudi, na saa ambayo asiposikia kitu atapiga simu kwa waokoaji. Saa hiyo iwe moja, isiwe "jioni hivi".

Hatua ya 8: Kuvuka mawimbi ya ufukoni

Kaeni mtazame maji kwa dakika kumi. Mawimbi huja kwa makundi: makubwa machache, kisha utulivu. Ondoka utulivu unapoanza, omo ikitazama mawimbi, na ukiisha kuanza usisite.

Kurudi ni kugumu zaidi, maana ukiwa nje unaona migongo ya mawimbi tu, na yote yanaonekana madogo. Subiri nje ya pale yanapovunjika. Kubwa la mwisho likipita, lifuate nyuma ya mgongo wake, usipande juu yake. Chombo kikigeuka ubavu, egemea upande wa wimbi, bapa juu ya povu, uache likusukume. Ukiegemea ufuko unapinduka mara moja.

Tahadhari kubwa kuliko zote katika hatua hii: usisimame kati ya chombo na ufuko. Kayaki iliyojaa maji inazidi kilo 100, na wimbi dogo la magotini linatosha kuirusha ikuvunje mguu. Kaa upande wa bahari, au kando ya omo au tezi. Helmeti vaa.

Hatua ya 9: Nendeni kama kundi

Anayekwenda polepole ndiye anayepanga mwendo. Kaeni umbali wa kusikiana bila kupiga kelele. Ukikaa kwenye kayaki macho yako ni chini ya mita moja juu ya maji, upeo unaouona ni kama kilomita 3.5, na kichwa cha mwenzako kinapotea kwenye mawimbi mapema zaidi ya hapo. Kubalianeni ishara kabla: kafi wima, njooni kwangu; kafi ya kulala juu ya kichwa, simameni; filimbi moja, nitazameni; tatu, hatari. Unapomwelekeza mtu kwa kafi, elekeza pa kwenda. Usielekeze mwamba, ataufuata.

Wanyama wa baharini waangalieni kwa mbali, mita 100 au zaidi, bila kuwazingira. Sili akiinua kichwa jabalini kukutazama, umeshakaribia kupita kiasi.

Hatua ya 10: Safari ya kulala nje

Iache mpaka hatua zote zilizotangulia ziwe za kawaida kwako. Vizito vikae chini na karibu na kiti, vyepesi viende omo na tezi, na chombo kielee sawa. Beba maji ya kunywa na kupikia lita 3 hadi 4 kwa mtu kwa siku, zaidi penye joto. Hema liwe juu ya mstari wa mwani ulioachwa na maji yaliyojaa, na usiku wa bamvua pandisha zaidi. Vyombo vifungwe kwenye kitu kisichosogea.

Mambo yanapokwenda mrama

*Chombo kinageukia upepo kila ninapopiga kafi.* Ni tabia ya kayaki zikiwa mwendoni. Teremsha pezi lililo chini ya tezi kidogo kidogo mpaka kinyooke. Pezi likikwama, kuna kokoto kwenye tundu lake. Mwenzako aivute kamba yake ndogo mkiwa mmeshikana.

*Miguu inakufa ganzi.* Vikanyagio viko karibu mno, au kiti kinabana nyuma ya mapaja. Visogeze mbele, nyoosha mguu mmoja mmoja kila nusu saa.

*Kichefuchefu.* Tazama upeo wa macho, piga kafi, usiinamie ramani. Mtu akianza kutapika, mwingine amshikie chombo na mgeuze kuelekea ufuko wa karibu. Hatapata nafuu kwa kusubiri mawimbini, na nguvu zake zinaisha haraka kuliko anavyokiri.

*Mwenzetu amenyamaza, anapiga kafi ovyo, anajikwaa kwa maneno.* Ni baridi au uchovu mkubwa. Usimuulize kama yuko sawa, atasema yuko sawa. Tua, mvishe kikavu, mpe kitu kitamu na cha moto.

*Ukungu umeshuka.* Shikaneni, chukua mwelekeo kwa dira mara moja kabla ufuko haujapotea, kisha uifuate pwani kwa karibu, nje ya njia ya meli.

*Upepo umeongezeka na haturudi nyuma wala hatuendi mbele.* Kata kona kuelekea ukingo wowote wenye kinga, hata kama sipo mlipoacha magari. Mkishindwa, unganeni vyombo na muite msaada mapema, wakati bado mna nguvu. Chaneli 16 ya redio: MAYDAY (wito wa hatari) mara tatu, jina lenu, mlipo, tatizo, idadi ya watu. Waokoaji hawatakulaumu kwa kuita saa moja kabla.

*Nimetengana na chombo.* Piga filimbi, kunja magoti kifuani ubane mikono kuhifadhi joto, washa kifaa cha dharura. Usiogelee kufuata chombo kinachokimbia na upepo.

Ukishafika nchi kavu

Osha kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa zipu, pezi na redio. Acha vifuniko vya chombo wazi vikauke. Andika kwenye daftari upepo uliotabiriwa na uliokutana nao kweli. Baada ya safari ishirini daftari hilo litakuwa mwalimu wako. Ila kabla ya kuosha chochote, kabla hata ya kuvua jaketi, mpigie yule mtu wa nchi kavu umwambie mmerudi wote.